Lita Moja Iende Mbali: Rekodi za Serikali Zilizolea Injini Safi

Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya mafuta inayopewa. Ikiwa nzima na ikienda kwa mzigo unaoifaa, theluthi moja hivi ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kulisukuma gari. Iliyobaki hutoka kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Kwenye foleni ya mjini hasara huwa kubwa zaidi. Kuongeza ufanisi huo kwa asilimia moja tu huwagharimu wahandisi miaka, na mnunuzi haoni tofauti yoyote anapowasha gari dukani. Kwa sababu hiyo, karibu kila hatua kubwa ya injini safi katika miaka zaidi ya 50 iliyopita imesukumwa na serikali kwa sheria, kodi, mkopo au maabara ya umma.

Nimekusanya hapa hatua zilizozidi nyingine zote kwa ukubwa, kwa kasi, kwa faida na hata kwa aibu. Nikizitazama kwa pamoja naona kwamba si wingi wa fedha ulioleta matunda. Serikali zilizofanikiwa zaidi ni zile zilizotaja kipimo hadharani, zikapima zenyewe, na zikavumilia hadi mwisho.

Sheria iliyodai makubwa kuliko zote

Septemba 1970 Baraza la Seneti la Marekani liliipigia kura Sheria ya Hewa Safi. Maseneta 73 waliunga mkono na hakupinga hata mmoja. Aliyeisukuma ni Edmund Muskie wa Maine, na Rais Richard Nixon akaitia saini tarehe 31 Desemba mwaka huohuo. Iliagiza kwamba magari mapya ya mwaka 1975 yapunguze hewa ya kaboni monoksaidi na haidrokaboni kwa asilimia 90. Siku sheria inapita, hapakuwa na gari sokoni lililoweza kufika huko. Wabunge waliianza hesabu yao kwenye mapafu ya wananchi, wakawaachia wahandisi kazi ya kutafuta njia.

Viwanda vya Detroit vilisema haiwezekani. William Ruckelshaus, mkuu wa wakala mpya wa mazingira, EPA, akaviongezea mwaka mmoja mnamo Aprili 1973. Lakini wakati huo Honda, kampuni iliyojulikana zaidi kwa pikipiki, ilikuwa imeshapeleka injini yake ya CVCC katika maabara ya EPA huko Ann Arbor, Michigan, mwishoni mwa 1972, nayo ikafaulu. Injini hiyo ilikuwa na chumba kidogo pembeni ya silinda kilichopokea mchanganyiko wenye petroli nyingi. Plagi iliwasha humo, kisha ndimi za moto zikatoka kuunguza mchanganyiko mwepesi uliojaa kwenye silinda yenyewe. Mafuta yaliungua yakaisha, bila kufunga kifaa chochote cha kusafisha moshi. Waliposikia watu wakidai kwamba mbinu hiyo inafaa vigari vidogo tu, Wajapani wale walinunua Chevrolet Impala yenye injini ya V8, wakaibadilishia vichwa vya silinda, wakairudisha Marekani kupimwa. Ikafaulu nayo. Gari aina ya Civic la 1975 likauzwa Marekani likiwa limetimiza sheria kwa injini peke yake.

Wengine walikimbilia kifaa cha kusafisha moshi ambacho mafundi wetu wanakiita masega. Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alikuwa amebuni kifaa cha aina hiyo tangu miaka ya 1950. Tatizo ni kwamba risasi iliyochanganywa kwenye petroli ya enzi zile iliyaharibu madini ya ndani ndani ya muda mfupi. Houdry alifariki mwaka 1962, kabla wazo lake halijaingia kwenye magari ya kawaida. Sheria ndiyo iliyolifufua. Serikali ililazimisha vituo vya mafuta kuuza petroli isiyo na risasi, na watafiti watatu wa kampuni ya Corning, Rodney Bagley, Irwin Lachman na Ronald Lewis, wakatengeneza kauri yenye vitundu vingi vyembamba inayostahimili joto kali la moshi. Kwa hesabu za EPA, gari jipya la leo ni safi zaidi kuliko la mwaka 1970 kwa takriban asilimia 99 katika uchafu wa kawaida wa moshi. Mimi sijaona sheria nyingine ya magari, popote duniani, iliyozaa kiasi hicho.

Dola moja iliyorudi na zaidi ya 50

Livermore, California, ipo maabara ya utafiti wa mwako iliyo chini ya Maabara za Taifa za Sandia. Ilizaliwa kutokana na msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973 na kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Humo kuna injini zenye madirisha ya kioo kigumu. Watafiti hupenyeza mwanga wa leza ndani ya silinda wakati mafuta yanaungua, na kupiga picha za jambo linalodumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Kwa miongo mingi wahandisi walibuni injini za dizeli bila kujua hasa masizi yanazaliwa wapi. Wengi waliamini kwamba yanatokea kwenye kingo za mpulizo wa noozeli. Mwaka 1997 mtafiti wa Sandia, John Dec, alichapisha maelezo mapya yaliyotokana na picha za leza: dizeli huanza kuungua katika hali ya mafuta mengi na hewa chache, na masizi huenea ndani ya mpulizo mzima. Baada ya hapo mtengenezaji alijua pa kugusa, iwe ni shinikizo la pampu, umbo la kichwa cha pistoni au wakati wa kupuliza. Utafiti huo ulichapishwa wazi, kila kampuni ikausoma. Mwaka 2007 Cummins ilitoa injini ya dizeli ya lita 6.7 ambayo ubunifu wake ulifanywa kwa hesabu za kompyuta, na majaribio ya karakana yakaja baadaye kuthibitisha tu.

Tathmini iliyofanywa mwaka 2010 kwa ajili ya Wizara ya Nishati ya Marekani ilijumlisha fedha za umma zilizotumika kwenye utafiti wa mwako wa injini tangu 1986 hadi 2007. Hazikufika dola bilioni moja. Faida, kwa mafuta yaliyookolewa na malori na maradhi yaliyoepukwa, ilikadiriwa kuwa dola bilioni 70. Hata baada ya kupunguza thamani ya faida kwa sababu ya muda uliopita, kila dola ilirudi na zaidi ya 50. Hakuna hafla iliyofanywa Livermore ya kukata utepe mbele ya gari jipya, wala jina la John Dec halijulikani nje ya fani yake. Kwangu mimi hii ndiyo rekodi yenye heshima kuliko zote zilizomo humu.

Fani hiyohiyo ndiyo iliyozaa mradi wa malori uitwao SuperTruck, ulioanza mwaka 2010 kwa fedha za serikali na za viwanda kwa pamoja. Lori la Cummins na Peterbilt lilifika kilomita 4.5 kwa lita likiwa na mzigo, na la Daimler mwaka 2015 likafika kilomita 5.2. Malori makubwa ya Marekani ya wakati huo yalikuwa yakienda kilomita 2.5 hivi.

Mradi mkubwa uliopitwa na asiyealikwa

Septemba 1993 Rais Bill Clinton alisimama na wakuu wa General Motors, Ford na Chrysler kutangaza ushirika wa kutengeneza gari la familia la kizazi kipya. Shabaha ilikuwa kuongeza mwendo kwa lita mara tatu, hadi kilomita 34, na mfano wa gari linaloweza kuingia kiwandani uwe tayari ifikapo 2004. Maabara za taifa zilizokuwa zikishughulikia silaha ziliingizwa kazini. Kampuni za kigeni hazikuwemo.

Toyota, iliyoachwa nje, ilianza mradi wake iliouita G21 mwaka huohuo wa 1993. Desemba 1997 gari la Prius, lenye injini ndogo ya petroli ikisaidiana na mota ya umeme, lilikuwa linauzwa Japani. Honda ikafuata kwa kupeleka Insight Marekani mwishoni mwa 1999. Wamarekani walionyesha magari yao matatu ya mfano mwaka 2000. Precept ya General Motors ilifika kilomita 34 kweli, kama ilivyoahidiwa, na wahandisi wake wanastahili sifa. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililouzwa. Mwaka 2002 serikali iliyofuata iliuvunja ushirika huo na kuhamia kwenye hidrojeni.

Kilichokosekana nakiona wazi. Wakati fedha zinatolewa kwa ajili ya injini za ajabu, kanuni ya mwendo kwa lita kwa magari ya kawaida ilikuwa imesimama palepale kwa miaka: wastani wa kilomita 11.7, namba iliyowekwa na sheria ya mwaka 1975. Kampuni ilipewa msaada wa kutafiti bila kulazimishwa kuuza ilichokitafiti.

Mikopo mikubwa kuliko yote

Mwaka 2007 Bunge la Marekani liliidhinisha dola bilioni 25 za kukopesha watengenezaji wa magari yanayokula mafuta kidogo. Msukosuko wa fedha ulipolipuka mwaka uliofuata, mfuko huo ulikuwa kati ya milango michache iliyobaki wazi. Ford ilipata dola bilioni 5.9 mwaka 2009, ikafanya ukarabati wa viwanda 13 katika majimbo sita, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kwenye injini za EcoBoost, ambazo ni ndogo lakini zina tabo na mpulizo wa moja kwa moja ndani ya silinda. Ilimaliza kulipa mwaka 2022. Nissan ilipewa dola bilioni 1.4 kwa ajili ya gari la umeme la Leaf huko Tennessee.

Wanaozungumziwa zaidi ni wawili wadogo. Tesla ilikopeshwa dola milioni 465 mwaka 2010, ikalipa zote Mei 2013, miaka tisa kabla ya muda. Fisker ilipangiwa dola milioni 529, ikachukua 192, ikafilisika mwaka 2013, na umma ukapoteza karibu milioni 139. Wanasiasa wameitumia Fisker kama ushahidi kwamba serikali haijui kuchagua. Nadhani hesabu hiyo haina haki, kwa sababu mkopeshaji yeyote wa teknolojia changa hupoteza wateja kadhaa, na maofisa walikata mkopo wa Fisker mapema walipoona malengo hayatimizwi. Rekodi ya ukubwa ya mfuko huo ni dola bilioni 9.63, zilizosainiwa Desemba 2024 kwa viwanda vya betri vya Ford na mshirika wake wa wakati huo kutoka Korea Kusini.

Mshindi ndiye kipimo

Japani ina utaratibu ambao ningependa kila waziri wa viwanda wa Afrika Mashariki ausome. Mwaka 1998 ilibadilisha sheria yake ya kuhifadhi nishati. Serikali hutazama magari yaliyopo sokoni kwa kila kundi la uzito, hutafuta linalokula mafuta kidogo kuliko yote, kisha hutangaza kwamba baada ya miaka kadhaa wastani wa kila kampuni katika kundi hilo lazima ufike pale. Hakuna anayeweza kulalamika kwamba haiwezekani, maana mshindani wake ameshafanya. Shabaha ya magari ya petroli iliyowekwa kwa mwaka 2010 ilifikiwa takriban miaka mitano kabla: kati ya 1995 na 2005 ufanisi uliongezeka kwa zaidi ya asilimia 22.

Nchi hiyohiyo ndiyo yenye sera ya muda mrefu kuliko zote ya kulea injini ndogo. Kundi la magari ya kei lilianzishwa kisheria mwaka 1949. Likapewa kodi nafuu kwa sharti la udogo, na ukomo wa injini ukapanda pole kwa pole hadi cc 660 mwaka 1990, nao haujabadilika tangu hapo. Anayeendesha Suzuki Alto au Daihatsu Mira Nairobi, Dar es Salaam au Kampala anafaidi uamuzi wa kodi uliofanywa Tokyo kabla hajazaliwa.

Kisha ikaja rekodi ya maabara. Kuanzia 2014 hadi 2018 Ofisi ya Baraza la Mawaziri la Japani ililipia mradi wa mwako uliokutanisha kampuni za magari zinazoshindana na makumi ya vyuo vikuu. Kiongozi wake alikuwa Masanori Sugiyama wa Toyota. Upande wa petroli uliongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Keio. Injini bora za wakati huo zilikuwa zikigeuza asilimia 40 hivi ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Wao walitaka 50. Waliingiza kwenye silinda hewa mara mbili ya kawaida, wakaizungusha kwa nguvu ili mchanganyiko mwepesi namna hiyo uweze kushika moto, wakatumia cheche kali kuliko za plagi za kawaida. Mwanzoni mwa 2019 walitangaza asilimia 51.5 kwa petroli na 50.1 kwa dizeli. Hiyo ni injini ya utafiti ambayo haijafika barabarani, ila wanafunzi walioshiriki sasa wamo viwandani.

Taifa lililogeuka haraka zaidi

Novemba 1975, bei ya mafuta ikiwa imeitikisa nchi yake, Rais Ernesto Geisel wa Brazil alisaini amri ya kuanzisha Proálcool, mpango wa taifa wa kutumia pombe ya miwa kwenye magari. Injini ilitoka kwenye taasisi ya kijeshi ya teknolojia ya anga huko São José dos Campos, ambako profesa Urbano Ernesto Stumpf na wenzake walitafiti jinsi ya kuunguza ethanoli tupu. Ethanoli huvumilia mgandamizo mkubwa kuliko petroli, kwa hiyo injini inaweza kubana zaidi na kutoa nguvu nzuri. Hata hivyo hula vyuma vya kabureta na huwa ngumu kuwaka asubuhi ya baridi, ikabidi magari yafungwe tangi dogo la petroli la kuwashia.

Mwaka 1979 Fiat 147 ikawa gari la kwanza la ethanoli kutoka kiwandani kwa wingi. Katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya magari tisa kati ya kumi mapya yaliyouzwa Brazil yalitumia ethanoli. Hakuna taifa lingine lililobadili mafuta ya magari yake kwa kasi hiyo kwa injini za mwako. Halafu bei ya petroli ikashuka, bei ya sukari ikapanda, wenye mashamba wakageukia sukari, na mwishoni mwa 1989 wenye magari wakapanga foleni kwenye vituo visivyo na ethanoli. Imani ilipotea kwa zaidi ya muongo mmoja. Iliyoirudisha ni injini inayopokea mafuta yote mawili kwa kiasi chochote, iliyoingia sokoni na Volkswagen Gol mwaka 2003. Tangu Agosti 2025 petroli ya kawaida ya Brazil ina asilimia 30 ya ethanoli.

Tone dogo, njia ndefu

Ujerumani iliondoa kodi ya barabara, hadi kiasi cha maki 1,000, kwa gari litakalokwenda kilomita 100 kwa lita tatu. Volkswagen ikajibu mwaka 1999 kwa Lupo 3L yenye dizeli ya silinda tatu. Mwaka 2000 mwandishi wa magari kutoka Austria, Gerhard Plattner, aliizunguka dunia nayo kwa siku 80, kilomita 33,333, kwa wastani wa lita 2.38 kila kilomita 100. Ni kilomita 42 kwa lita.

Kwa jumla ya fedha, China haina mpinzani. Kituo cha utafiti cha CSIS cha Washington kimekadiria msaada wake kwa magari ya umeme na mseto kuwa dola bilioni 230.9 kati ya 2009 na 2023. Sehemu kubwa ilikuwa ruzuku na msamaha wa kodi kwa wanunuzi, lakini injini nazo zilisonga: BYD ilitangaza mwaka 2024 injini ya mseto yenye ufanisi wa asilimia 46.06, na Weichai, kampuni ya umma ya Shandong, ikaonyesha mwaka huohuo dizeli ya malori ya asilimia 53.09.

Uchunguzi mdogo uliofichua udanganyifu mkubwa

Serikali za Ulaya ziliipendelea dizeli kwa miaka kupitia kodi, kwa kuamini takwimu za viwanda. Mwaka 2013 kundi la Daniel Carder wa Chuo Kikuu cha West Virginia lilifunga mitambo ya kupimia moshi nyuma ya magari ya dizeli na kuyaendesha kwenye barabara za California. Ruzuku yao haikufika dola 100,000. Magari yaliyokuwa safi maabara yalikuwa machafu barabarani. Maofisa wa hewa wa California na EPA wakafuatilia, na tarehe 18 Septemba 2015 ikatangazwa kwamba Volkswagen iliweka programu ya kutambua kipimo na kuidanganya. Magari milioni 11 duniani yalihusika. Baadhi yalitoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango halali. Kampuni imelipa zaidi ya euro bilioni 30. Kodi nafuu isiyo na kipimo huru ilikuwa imewalipa wachafuzi.

Ushindi uliotangazwa Nairobi

Masega hayawezi kufanya kazi kwenye petroli yenye risasi. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na tarehe 1 Januari 2006 eneo zima likawa limeacha. Aljeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu Gigiri, Nairobi, likatangaza mwezi uliofuata kwamba kampeni hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Kwa upande wa uhai wa watu, sijui rekodi ya magari inayoipita hiyo.

Afrika Mashariki ina ya kwake pia. Tangu Januari 2015 Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilihamia kwa pamoja kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka viwango vilivyofika 500. Tulikuwa kanda ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Uamuzi huo unaziruhusu injini za kisasa na vichujio vyake kudumu huku kwetu.

Lakini kazi hiyo inavunjwa gereji. Kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo yaliyotumika milioni 14, na asilimia 40 yakaja Afrika. Mengi huondolewa masega kabla au baada ya kufika, kwa sababu ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Fundi humwambia mwenye gari kwamba yakitolewa gari litakuwa jepesi, kisha vitundu vile vya kauri vinauzwa. Moshi ambao kuusafisha kuligharimu sheria ya 1970, miaka ya maabara na mabilioni ya walipa kodi wa nchi nyingine hurudi kwenye mapafu ya mtoto aliyesimama kituo cha daladala.

Serikali zetu hazihitaji mabilioni kulizuia hilo. Zinahitaji mashine ya kupima moshi katika kila kituo cha ukaguzi na ofisa asiyeruhusu gari lipite bila kupimwa. Nawe msomaji, ukienda kununua gari lililotumika, mwambie fundi wako alale chini atazame bomba la moshi kabla hujatoa fedha. Kama masega hayapo, usilinunue.